Kofi la Boneti

Pale uwanjani kwetu, gari halikuhesabiwa kuwa limepona mpaka kaka yangu alipige kofi kwenye boneti. Fundi yeyote angeweza kufungua, kubadilisha, kufunga na kupangusa mikono, lakini mwenye gari alibaki amesimama palepale akimsubiri kaka aingie ndani, alizungushe mtaani, arudi, ashuke, asimame mbele yake na kulipiga boneti kofi moja, pa. Hapo ndipo mtu alichukua ufunguo wake akaenda zake. Nimewaona watu wazima na tai zao shingoni wamekaa kwenye benchi langu asubuhi nzima wakisubiri kofi.

Mimi ni mdogo wake, na duka la spea lililo mlangoni mwa uwanja ni langu. Mafundi wananiita Mama Spea. Nikiwa mbali wananiita Mama Mdomo, wakidhani sijui. Najua, na wakija kuniomba grisi ya mkopo huwa nawakumbusha.

Kaka yeye aliitwa Sikio. Jina alilopewa na mama yetu alibaki nalo mke wake tu, tena akiwa amekasirika. Jina la Sikio lilitokana na kazi. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini anaukandamiza sikioni, kisha anafumba macho. Akiyafumbua anakutajia ugonjwa, na ukifungua unaukuta pale pale alipousema. Mafundi wote wa uwanja ule, wa injini, wa breki, wa bodi, wa umeme, ama yeye ndiye aliyewafundisha, ama walifundishwa na aliowafundisha. Kijana akibishana naye, wenzake walimwambia kwamba sikio halipiti kichwa, halafu wanacheka wenyewe, maana kwetu pale Sikio ndiye alikuwa kichwa.

Basi ikaja habari ya leseni. Ilikuja na mkaguzi wa idara ya usalama barabarani, mwanamke kijana aliyevaa viatu vilivyong'arishwa, na akavipitisha katikati ya madimbwi yetu ya oili chafu bila kuruka wala kukunja uso. Jambo hilo nililipenda, ingawa sikumwambia. Alipewa kiti cha gari kilichong'olewa, akakaa, akatueleza taratibu. Ajali zimezidi, alisema, na si zote ni kosa la dereva. Magurudumu yanachomoka njiani, breki zinakufa mteremkoni, na ukifuatilia unakuta gari limetoka kwa fundi juzi tu. Kwa hiyo kila fundi atapimwa kwa maswali na kwa vitendo, atapimwa macho na masikio, kisha atapewa leseni ya ile kazi anayoiweza. Asiyekuwa nayo asiguse gari la watu. Angerudi Jumamosi ya wiki inayofuata kuwaandikisha watakaoanza.

Wa kwanza kubisha nilikuwa mimi. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na ngozi yangu ni kwamba mafundi wakipungua, spea zangu zitaota kutu kwenye rafu. Hilo sikulitaja. Nilichosema ni kwamba nimeyaona magari yanayotoka kwenye zile gereji za sakafu ya vigae, zenye vyeti ukutani na kahawa ya wateja, yakifika hapa na nati zimefungwa kwa mkono kama kifuniko cha chupa. Mkaguzi hakukasirika. Aliniuliza kwa upole kama hapa kwetu hakuna anayefunga hivyo. Nikajikuta nimemtupia jicho yule jirani yetu wa pembeni, ambaye majuzi tu alikuwa anauza viatu vya mitumba na sasa anajiita fundi wa breki, naye akainama ghafla kutafuta spana ambayo haikupotea. Sikumjibu yule dada. Mdomo ni mali yangu, kuna siku naufunga.

Aliyejibu alikuwa Waya, fundi wetu wa umeme, mtu mwembamba mwenye maneno mengi ambaye kaka alimlea kikazi tangu hajui tofauti ya chanya na hasi.

"Dada, hebu tuelewane," alisema. "Huyo mtahini wenu akija hapa, atamtahini Sikio?"

Uwanja mzima ukacheka. Hata mkaguzi akatabasamu kidogo, kwa kuwa sifa za kaka alishazisikia huko alikotoka. Kaka naye alitabasamu, akatikisa kichwa, akarudi kwenye injini yake. Alipoondoka yule dada tukakubaliana kwamba Jumamosi hiyo hajiandikishi mtu, na atakayetusemea ni kaka mwenyewe. Waya alikwenda kumwambia uso kwa uso, mkono begani, na kaka akasema sawa.

Sasa kulikuwa na mambo niliyokuwa nayaona siku zote hizo na kuyapa majina mengine. Kaka aliizima redio ya uwanja akasema inampotezea umakini. Nikasema ni uzee. Tukinywa chai nyuma ya duka alikihamisha kigoda chake mpaka nikae upande wake wa kulia. Nikasema ni mazoea. Wifi yangu alinilalamikia kwamba mumewe amekuwa na dharau, anamwita kutoka jikoni, anapita kana kwamba hajaitwa, kisha anawasha televisheni mpaka majirani wanagonga ukuta. Nikamwambia ndivyo wanaume wanavyokuwa. Tena kulikuwa na hili: zamani, akienda kulisikiliza gari, hakutaka mtu ndani, alisema mwenye gari akiongea anamharibia. Siku hizi alitaka lazima mwenye gari akae kiti cha pembeni. Watu wakasema Sikio amekuwa mpole, anapenda wateja.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo, binti yangu alileta gari lake.

Binti yangu ni dereva wa gari la shule. Anabeba wale watoto wadogo ambao begi likiwa mgongoni huoni mtoto, unaona begi linatembea. Gari lilikuwa linanguruma gurudumu la mbele kushoto, na alitaka lipone kabla ya mchana, wakati wa kuwarudisha watoto nyumbani. Kaka alilipokea kwa furaha, maana huyo ndiye mpwa wake wa pekee na alimpenda kuliko hata mimi. Aliliinua kwa jeki, akalifungua gurudumu, akakuta grisi imekauka. Akasafisha, akapaka mpya, akafunga, akakaza. Wakazunguka nalo wawili, yeye kwenye usukani na mpwa wake pembeni. Waliporudi akashuka, akalipiga kofi boneti. Binti yangu akamshukuru kwa kupiga goti kidogo, kama nilivyomfundisha, akaingia kwenye gari.

Lilipopita mbele ya duka langu nikasikia. Ulikuwa mngurumo wa chini chini, mkavu, kama mtu anasaga nafaka chumba cha pili. Nikageuka kutazama uwanjani. Waya alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye betri, waya umebanwa kati ya meno. Fundi wa bodi alikuwa ameisimamisha nyundo hewani. Yule wa viatu vya mitumba, hata yeye, alikuwa amegeuza shingo kulifuata lile gari. Uwanja mzima ulisikia. Kaka peke yake alikuwa ametupa mgongo, ananawa mikono kwa sabuni ya unga huku anaimba polepole. Kisha nyundo ikashuka, Waya akainama, kila mtu akaendelea na kazi yake.

Na mimi je? Mimi ninayeuza beringi, ninayeijua beringi mbovu kwa kuizungusha tu kidoleni, nilisimama pale nikajiambia kwamba kama Sikio amelipiga kofi, basi ninachosikia sicho. Nilijiambia hivyo na nikaanza kupanga vichujio kwenye rafu. Ndipo yakanijia yale mabegi yanayotembea. Niliacha duka wazi, nikavuka uwanja, nikalikuta gari limesimama kwenye kona likingoja nafasi ya kuingia barabara kuu. Nikagonga kioo.

"Unalisikia hilo gurudumu?" nilimuuliza.

Binti yangu hakunitazama. "Nalisikia, mama."

"Sasa unakwenda nalo wapi?"

"Mjomba amepiga kofi," alisema. "Nikasema labda ni masikio yangu."

Nilimwambia ampigie simu dereva mwenzake awachukue watoto kwa safari mbili, na gari alirudishe taratibu nyuma ya duka langu, palipo na stoo, pasipo na macho ya watu. Alitii, lakini alinibembeleza njia nzima nisimwambie mjomba. Alitaka tumpe fundi mwingine abadilishe beringi kimya kimya, mambo yaishe, mjomba asiaibike. Nikamwambia anyamaze kwanza, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilikuwa sijajua bado ni ya nani.

Nilimwita kaka kwa mkono. Alikuja na bisibisi yake, akalikuta gari lile lile alilolipiga kofi tumelisimamisha tena kwenye jeki. Alikaa chini akalizungusha gurudumu. Lilisaga waziwazi. Kaka aliigusisha ncha ya bisibisi, akaukandamiza mpini sikioni kama siku zote, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Macho yake hayakufumba. Yalikuwa wazi, na yalikuwa yananitazama mimi usoni.

Nikaukausha uso. Miaka yote hii ya kuuza vitu nimejifunza kuukausha uso mtu asijue bei ya mwisho. Kaka alinitazama, hakupata kitu, akahamishia macho kwa mpwa wake. Binti yangu, mtoto aliyelelewa vizuri, alimtabasamia mjomba wake.

"Liko sawa," kaka alisema.

Nilizunguka nikasimama nyuma yake, upande wa kushoto, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba duka langu linaungua moto. Kaka aliendelea kulizungusha gurudumu. Binti yangu akaweka mkono mdomoni. Kaka aliuona ule mkono, akageuka haraka, akaniuliza nimesema nini. Sikurudia. Nilihamia upande wake wa kulia, nikainama.

"Kaka, tangu lini?"

Aliiweka bisibisi chini kwa uangalifu, kana kwamba ingevunjika. Alitueleza huku akitazama mikono yake. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa pole pole, kama taa inayoishiwa mafuta, kwa miaka mingi ya msumeno wa kukatia chuma, na nyundo, na ekzosi zilizotobolewa. La kulia bado lilichukua sauti ya mtu akiwa karibu, lakini sauti ya chuma lilikuwa limeiacha. Aliogopa, akatafuta njia nyingine, na akaipata. Mwenye gari analijua gari lake kama mtoto wake. Ukimkalisha pembeni na gari bado linaumwa, anakunja paji, anavuta midomo, mkono unakwenda kushika mlango. Likiwa limepona, mabega yanashuka. Kaka alikuwa hasikilizi magari tena. Alikuwa anasoma nyuso.

"Na hazijanidanganya hata siku moja," alisema. Kisha akamtazama mpwa wake. "Mpaka leo."

Binti yangu alianza kulia. Alisema alimheshimu, asingeweza kukaa pembeni ya mjomba wake na kukunja uso. Kaka akamwambia anajua, na kwamba kosa si lake.

Nilimkasirikia kaka yangu siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na nusu yake hakuyasikia, jambo lililonikera zaidi. Nilimuuliza kama angekwenda kuwaeleza wazazi wa watoto wale kwamba alisoma uso. Nilimuuliza ni magari mangapi. Alisema hajui, na niliona kwamba swali hilo alishajiuliza zamani, peke yake. Hasira ikanitoka kama upepo kwenye tairi na nikabaki namwonea huruma, na huruma hiyo iliuma kuliko hasira.

"Nikiliacha sikio," aliniuliza, "nitaitwa nani?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini alikubali haraka vile kutusemea Jumamosi. Mkaguzi alisema watapima macho na masikio. Uwanja mzima ulikuwa unakataa leseni kwa sababu zetu mbalimbali, na kaka alikuwa nyuma ya sababu zetu zote, amejificha. Nilimwambia kwamba Jumamosi, mbele ya watu, ama atasema yeye ama nitasema mimi, na kwamba yeye anaujua mdomo wangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilimwambia, na safari hii kifo kilikuwa kinataka kumuumbua kwa watoto wa wenzetu. Aliitikia kwa kichwa tu.

Beringi aliibadilisha yeye mwenyewe jioni ile ile. Mikono yake haikuwa na tatizo, mikono ilikuwa ile ile. Tukatoka na gari, mimi nikiwa pembeni yake nimetega sikio na nimekausha uso, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba limenyamaza. Hakulipiga kofi. Beringi mbovu aliifuta kwa kitambaa, akaitia mfukoni mwa ovaroli.

Jumamosi mkaguzi alikuja, akaketi kwenye kiti chake kile kile cha gari. Mafundi walimzunguka wamekunja mikono. Waya alifungua kikao kwa hotuba aliyokuwa ameifanyia mazoezi. Alisema sisi hatukusomea darasani, tulisomea chini ya magari. Alisema leseni haijawahi kukaza nati. Hapo watu wakaitikia, na mimi nikaitikia, kwa sababu ni kweli. Kisha akamshika kaka mkono na kumsogeza mbele, akasema cheti chetu ndicho hiki.

Kaka alisimama, akageuka kidogo ili Waya awe kuliani kwake. Akatoa beringi mfukoni, akampa.

"Izungushe," alisema.

Waya aliizungusha kwenye kidole. Ilisaga, kavu, na kila mtu alisikia. Mkaguzi naye alisikia, nilimwona akikunja jicho moja.

"Hiyo imetoka kwenye gari la mpwa wangu," kaka alisema. "Gari la watoto wa shule. Nililipiga kofi juzi likatoka hapa. Mlilisikia linatoka?"

Fundi wa bodi alitazama viatu vyake. Yule wa viatu vya mitumba alitazama viatu vya fundi wa bodi. Waya aliendelea kuishika ile beringi kama kitu alichokutwa nacho.

"Tulilisikia, mzee," alisema mwisho.

"Mbona hamkuniambia?"

Waya hakosi neno, lakini siku ile alilitafuta. "Ulikuwa umeshalipiga kofi."

Kaka aliitikia kwa kichwa, bila ukali, kana kwamba hilo ndilo jibu alilolitegemea. Kisha aliwaambia. Alisema la kushoto limekufa na la kulia liko njiani. Aliwaeleza habari ya nyuso, na niliona watu wakirudi nyuma vichwani mwao, kila mtu akikumbuka safari alizokaa pembeni ya Sikio, akijiuliza uso wake ulikuwaje. Alisema bila kutikisika, lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mfuko wa ovaroli kwa nguvu.

"Nyinyi mnanipenda," alisema. "Ndiyo maana hakuna hata mmoja atakayeniambia. Mpwa wangu ananipenda, alikuwa tayari kuwapakia watoto wa watu kuliko kuniambia. Huyu dada hanijui wala hanipendi. Nataka anipime yeye."

Nililia, na sikujificha. Mkaguzi hakutoa hotuba. Aliuondoa mkoba wake kwenye kiti kingine kilichokuwa pembeni yake, akamwonyesha kaka akae kulia kwake, kisha akalikumbuka sikio la kushoto, akahama yeye.

Isidhaniwe kwamba tangu dakika hiyo sote tulikuwa kondoo. Fundi wa bodi aliondoka akinung'unika kwamba bati halina sikio wala jicho, leseni ya nini. Mimi nilimkaba yule dada nikamwambia wapo humu mafundi hodari ambao kalamu hawaijui, hao waulizwe kwa mdomo. Akakubali. Nikamwambia yule muuza viatu afundishwe kwanza, asifukuzwe tu, maana akifukuzwa hapa atakwenda kufungua kwingine uchochoroni, na huko ndiko kubaya zaidi. Hilo alisema atalipeleka kwa wakubwa zake, na sura yake ilinionyesha kwamba atalipeleka kweli lakini hajui watamjibu nini. Waya alijiandikisha wa mwisho. Alipomaliza alikwenda kukaa nyuma ya gari moja bovu peke yake, na hakuna aliyemtania.

Leseni ya kaka ilitoka baadaye. Inamruhusu injini na gia na kazi zote za mikono, ila gari likitakiwa kujaribiwa barabarani, ajaribu mtu mwingine mwenye leseni. Waligundua pia kwamba anahitaji kifaa cha masikio. Anacho. Anakivaa wifi akiwepo, na akiondoka kinarudi mfukoni, anasema kinampigia miluzi. Jina hatukulibadilisha. Kwa muda watu waliona haya kumwita Sikio, wakawa wanamwita mzee, mpaka siku moja alipowauliza kama Sikio amefariki. Wakacheka, wakarudia lile la zamani.

Sasa majuzi binti yangu alileta gari tena. Safari hii ilikuwa breki za mbele, zinalia. Kaka alifungua, akabadilisha pedi, akafunga, na Waya akatoka nalo kulijaribu, binti yangu akiwa kiti cha pembeni. Waliporudi Waya alishuka anatabasamu. Leseni yake mpya ilikuwa inaning'inia shingoni, maana yeye huivaa mpaka chooni. Akasimama mbele ya gari, akainua mkono juu ya boneti. Kaka akaudaka ule mkono hewani.

Alimwita mpwa wake amsogelee upande wa kulia. Binti yangu akasogea, na nilipoutazama uso wake kutoka dukani niliona ni uso ule ule niliomlea nao, laini, wa heshima, usio na kasoro hata moja. Kaka naye alikuwa anautazama. Kisha akafumba macho, kama zamani alivyokuwa akifumba kwenye injini.

"Haya, mama," alimwambia. "Sema."

Binti yangu aligeuka kunitafuta, akanikuta, nami nikaukausha uso. Alimtazama Waya na mkono wake uliokuwa bado umeshikwa. Alimtazama mjomba wake aliyesimama pale macho yamefumba, anangoja. Akapeleka mdomo karibu na sikio lake.

"Bado linalia, mjomba," alisema. "Gurudumu la kulia, likikata kona."

Waya akaushusha mkono. Kaka alifumbua macho, akasema aletewe jeki, akalala tena chini ya gari.